Theluji ya Tabata

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa kwa mama, Tabata. Pilau imeshaliwa, watu wazima wamejinyoosha mkekani barazani, watoto wanagombania chaja, mara mpwa wangu anatoka stoo na kaunta buku mkononi, lile la kwaya mbili lenye jalada gumu, mgongo umeliwa na mende. "Anko, hili la nani?" Kabla sijafungua mdomo ameshaanza kusoma kwa sauti.

Lilikuwa langu. 1994, kidato cha tatu.

Mistari ya Kiingereza, mwandiko wa kulala, peni ya bluu kwenye beti na nyekundu kwenye kiitikio. Ukurasa wa kwanza natembea kwenye theluji usiku, Brooklyn, bastola kiunoni, polisi wananisaka mtaa kwa mtaa. Ukurasa wa pili mshkaji wangu kapigwa risasi, kanifia mikononi. Wa tatu nimetoka jela. Nilikuwa na miaka 16 jamani, baba yangu mhasibu, na kosa langu kubwa la jinai mpaka siku hiyo lilikuwa kula hela ya tuisheni.

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Mama alisikiliza kwa adabu yote, halafu akauliza taratibu, "Theluji gani hiyo baba, ya kwenye friza?"

Nikacheka na mimi, ningefanyaje. Sema kile kicheko hakikushuka, kilikaa kooni kama mwiba wa kibua, na hii ni wiki ya sita natafuta tonge la kukisukuma.

Kanda na peni ya Bic

Wa rika langu mnajua. TDK ya dakika 90 iliyodabiwa kutoka kanda iliyodabiwa kutoka kanda nyingine, mpaka jamaa anasikika kama anachana akiwa ndani ya pipa. Unasikiliza mstari mmoja, unazima, unaichomoa kanda unairudisha nyuma kwa peni ya Bic ili betri zisiishe, unaandika ulichosikia. Ulichosikia, sio kilichosemwa. Kwenye lile daftari kuna neno nimeliandika mara 11 na mpaka leo sijui ni neno gani, sio Kiingereza, sio Kiswahili, ni mlio tu. Nilipanda nalo jukwaani kwenye shindano la shule na watu wakashangilia.

Mavazi ndo usiseme. Marvini kichwani, jaketi la sponji la mtumba, mabuti mazito, mchana wa Dar mwezi wa pili. Kuna mwenzetu alianguka paredi asubuhi kwa joto na bado akakataa kuvuliwa jaketi.

Niseme ukweli lakini, sikuwa naigiza tu. Nilikuwa naamini. Nikishavaa hedifoni mimi ni wale. Weusi kama mimi, wana hasira, na wakifungua mdomo watu wanasikiliza, wakati mimi naishi nyumba ambayo ukiongea mbele ya mzee bila kuulizwa unaangaliwa mpaka sentensi inakufia mdomoni. Nilikopa hasira zao kwa sababu za kwangu sikujua nianze kuzitafuta wapi.

Jina la kundi letu silitaji. Lilikuwa na z mwishoni, inatosha.

Cha kuazima juu ya cha kuazima

Baada ya Pasaka nikaanza kusoma soma usiku, mke wangu amelala, mimi na simu. Na ukianza kuchimba habari za rap ya Kiswahili huendi mbali kabla hujakutana na Saleh Jabir, Saleh J, wa lile shindano la Yo Rap Bonanza la 1991. Kijana wa Dar anachukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, anaimwagia Kiswahili, mji unashtuka kumbe inawezekana.

Sasa fuatilia huo wimbo wenyewe. Vanilla Ice ni mzungu, Robert Van Winkle. Mwaka 1990 wimbo wake ukawa wa kwanza wa hip-hop kushika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kubwa ya nyimbo Marekani, yani watu weusi wametengeneza kitu toka miaka ya 70, wanakibeba, wanafukuzwa nacho kwenye redio, halafu wa kwanza kufika kileleni ni yeye. Wasifu wake uliosambazwa ulimpa maisha ya mtaani Miami, waandishi wakachimba wakakuta utoto wa kawaida tu, mwingi wake huko Dallas. Besi yenyewe imechotwa kwa Queen na David Bowie, wimbo wa 1981, na mwanzoni hawakutajwa wala kulipwa. Akaenda mbele ya kamera kueleza kwamba ya kwake ni tofauti, ina noti moja ya ziada.

Noti moja!

Kwahiyo mmoja wa milango ya kwanza ya rap yetu ulitengenezwa kwa mbao ambayo Wamarekani weusi mpaka leo wanaitaja wakitaka mfano wa kuporwa. Kwa hesabu za wanaobishana mtandaoni nani kaiba utamaduni wa nani, Saleh ni mpokeaji wa mali ya wizi. Mbona mimi simuoni hivyo? Yeye alichukua biti nzima na kiitikio chake, namwona kafungua njia, mimi niliandika kila mstari mwenyewe, sikukopi wimbo wa mtu hata mmoja, na ndo mimi ninayeona aibu.

Nikasema labda ni lugha. Ukichana Kiswahili umeshakuwa halali. Jibu hilo nilitembea nalo kama wiki mbili hivi, likachanika lenyewe. Kundi la Kwanza Unit la Dar wameungana 1993 na Kiingereza walikitumia sana mwanzoni, na sijawahi kuwaita feki, maana ile nchi yao ya ndotoni waliyoiita Kwanzania ilikuwa ya hapahapa. Halafu upande wa pili wapo wanaochana Kiswahili kilichonyooka kabisa habari za mtaa wasioujua. Getini kuna mlinzi na mbwa wawili, kwenye wimbo kijana analala njaa. Tunawajua. Wengine tumesoma nao.

Kuna na lile jibu la watu wa semina, kwamba rap ni yetu toka enzi na enzi, kuna majigambo ya Wahaya, kuna kujibizana kwa mshairi Muyaka na wenzake kule Mombasa, kuna kibati cha Zanzibar, ngoma ya kusema maneno harakaharaka. Sawa, vipo, na vitamu. Ila mimi sikufundishwa kuchana na bibi, nilifundishwa na TDK. Nikisema vinginevyo nitakuwa natafuta hati ya kiwanja wakati nyumba nimeshapaua.

Daftari la Caz

Hii fupi, ila iliniuma kwa sababu ya lile kaunta buku.

1979, Sugarhill Gang, rekodi ya rap iliyotangulia kutikisa dunia. Mmoja wao, Big Bank Hank, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la piza New Jersey, akaitwa kundini, na mistari hana. Akaenda kuazima daftari kwa Grandmaster Caz wa Bronx. Akaimba vilevile vilivyoandikwa, mpaka lile jina la Caz la Casanova akalitaja herufi kwa herufi, hakusumbuka hata kubadilisha. Caz hakuandikwa kwenye rekodi na pesa hakuziona.

Mweusi kwa mweusi. Watu wanaofahamiana.

Mizani yangu ilikuwa ya rangi mpaka hapo, mwenzako akichukua amerithi, mzungu akichukua ameiba. Ikaanza kuyumba.

Bagamoyo

Hili sijawahi kuliandika popote.

Miaka ya nyuma niliendesha gari la kampuni moja ya utalii. Siku moja nikapewa mama mmoja, Mmarekani mweusi, pamoja na kijana wake wa miaka kama 20, tunaenda Bagamoyo. Njiani nikaweka hip-hop niwafurahishe, stori zikanoga, yule dogo akashangaa navyowajua wakongwe wa kwao kuliko yeye. Nikavimba kichwa. Tumefika, tumeshuka, tunatembea kuelekea ufukweni kwenye yale magofu ya Wajerumani, nikamgonga bega nikamwita lile neno. Niga wangu. Kwa mapenzi kabisa, kama tulivyoitana kijiweni Tabata miaka na miaka, oya niga, poa niga.

Kijana akaangalia viatu vyake.

Mama yake akasimama akaniuliza hilo neno nimelitoa wapi. Nikamwambia kwenye nyimbo zenu. Hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Akaniambia baba yake aliitwa hivyo na watu waliokuwa wanamlipa mshahara, kila siku ya kazi, mpaka anastaafu. Basi. Akaendelea kutembea. Tulirudi Dar redio imezimwa.

Nilijitetea kichwani kwa miaka. Kwani sisi hatukuuzwa? Si ndo hapahapa watu walishushiwa mizigo ya pembe, wakapakiwa kwenye majahazi? Ndio, ila waliotoka Bagamoyo wengi walivushwa kwenda Unguja kwenye mikarafuu, na Uarabuni. Waliovuka Atlantiki wengi sana walitoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola. Kidonda kinafanana lakini sio kilekile, na neno lile limetoka kwenye kidonda chao.

Na sisi tuna letu. Nenda Zanzibar, mgonge mtu bega kwa mapenzi yote uliyonayo, mwambie "mambo vipi mtumwa wangu", halafu uje unisimulie.

Hilo la mtumwa limenijia juzi tu, naosha gari. Miaka yote hiyo nilikuwa nalijua na sijawahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja.

Punguza huo upuuzi

Wiki ya tatu baada ya Pasaka, kwenye grupu la tuliosoma pamoja ikaingia video. DJ mzungu, tamasha la huko Ulaya, anapiga singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, umati unaruka kama umemwagiwa maji ya moto. Nikawaka. Niliandika aya tatu ndefu, wamechukua pembe, wamechukua dhahabu, sasa wameona haitoshi wanakuja na singeli yetu, watu wakaniwekea makofi na moto, nikavimba, nikaihamishia na kwenye status.

Mpwa wangu akaijibu status kwa picha. Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Theluji. Hakuandika neno hata moja.

Nilitaka kumpigia nimfokee. Sikumpigia, maana kuna kitu kingine nilikikumbuka muda uleule. Siku chache nyuma nilipanda bajaji pale Manzese naenda Sinza, dereva kijana mdogo kafungulia singeli, spika iko nyuma ya kisogo changu, na mimi nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu punguza huo upuuzi, kichwa kinaniuma."

Upuuzi. Halafu siku chache baadaye imekuwa "singeli yetu".

Na singeli ilivyotengenezwa, nikikaa nikaifikiria, inanishangaza kuliko chochote nilichoandika mimi. Mnaijua ile sehemu ya mwisho ya taarab ya kisasa, maneno yamekwisha, kinanda kimechachamaa, kina mama wameinuka na noti mkononi? Madijei wa uswahilini wakaikata hiyo hiyo, wakaizungusha, wakaikimbiza, ikachanganyika na mchiriku uliokuwepo mitaani siku nyingi, emsii akapanda juu yake. Sasa nenda Bronx, Agosti 11, 1973, jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, sherehe ya dada yake DJ Kool Herc, pale hip-hop inaposemwa ilizaliwa. Herc mwenyewe ni mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Aliona watu wanangoja kile kipande ambacho ngoma zinabaki peke yake, akachukua sahani mbili za wimbo mmoja akawa anakirefusha. Sidhani kama kuna kijana wa Manzese aliyekaa chini akasoma habari za Herc kabla ya kugusa kompyuta. Aliangalia tu watu wake wanainuka saa ngapi.

(Na kipande kimojawapo alichokipenda sana Herc ni cha kundi lililoitwa Incredible Bongo Band, wimbo uliotungwa na Mwingereza baada ya kuangalia filamu ya Waapache, wenyeji asilia wa Marekani. Mwingereza, Waapache, Mjamaika, Bronx. Na jina Bongo hapo ni ngoma, sisi hatumo, msianze.)

Hip-hop ilikuwa imezaliwa upya kilomita chache kutoka kwangu na mimi nimefunga dirisha. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa singeli wa Sisso Studios, studio iko Mburahati, na habari zake mimi nimezisoma kwa Kiingereza, kitandani, nikiwa Dar es Salaam hii hii.

Sisemi wazungu wasiulizwe. Waulizwe, na kwa ukali. Nani kalipwa, jina la nani limeandikwa, nani kapewa viza na nani kabaki. Ila maswali hayo mwenyewe ni kijana wa Mburahati aliyekesha na kompyuta yenye kibodi iliyong'oka vitufe. Mimi nilikuwa nimedandia hasira yake kama nilivyodandia ile ya Brooklyn, na mara hii bila hata jasho la jaketi la sponji.

Niliifuta ile status. Ya kwenye grupu niliiacha, nimeona aibu kuifuta mbele za watu.

Kurasa za nyuma

Jumapili iliyofuata nikarudi kwa mama kulichukua lile daftari. Mpwa kaniwahi, kalimaliza lote. "Anko, huku nyuma umeonaga?" Sikuwa nakumbuka kuna kitu nyuma. Kurasa za mwisho kabisa, daftari limegeuzwa juu chini, kuna mistari minne ya Kiswahili, imekatwa kwa peni nyekundu, pembeni nimeandika kwa Kiingereza kwamba haina ukali.

Umeme ni wa mgao, leo zamu yetu giza,
mchina umegoma, tambi zimeteketea,
mama anapuliza, moshi unamliza,
mzee kasema kesho, kesho haijatokea.

Nilisoma nimesimama pale stoo. Ile ilikuwa 1994, mgao ule mrefu, mzee hajalipwa miezi sijui mingapi na sisi hatuambiwi, mama amechuchumaa mbele ya jiko na khanga mdomoni. Nilikuwa nayo hasira yangu kumbe. Niliikata kwa peni nyekundu.

Mama nikamsomea. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Mchina ule ulikuwa mbovu toka dukani," akaendelea kuchambua.

Mpwa akauliza kama anaweza kuichukua, ana biti mahali. Sasa yeye amezaliwa Mbezi Beach, geti la umeme, jenereta inajiwasha yenyewe. Nikasita. Nikajisikia nasita, nikajiona mjinga, nikamwambia chukua, ila andika jina langu. Akacheka, akasema sawa mzee wa theluji.

Juzi usiku kanitumia voisi. Biti ya singeli imepunguzwa mwendo, na kijana anachana vizuri, pumzi anazo, kuliko mimi nilivyowahi kuwa. Umeme ni wa mgao, leo zamu yetu giza. Nywele zikasimama. Halafu akafika kwenye tambi, na ya kwake aliyoongeza ikafuata: tambi zimeteketea, ikabidi tuagize piza.

Nikairudisha. Nikaisikiliza tena.

Alidhani ni zile za kula.

Nikamwandikia maelezo marefu, kwamba tambi ni zile nyuzi za pamba za jiko la mchina, zinanyonya mafuta ya taa, mafuta yakiisha zinaungua zenyewe, jiko linatoa moshi mweusi na chakula chote kinanuka mafuta, na dukani zinauzwa fungu na siku hiyo hela ya fungu haikuwepo. Nikamwambia hayo maneno ndo wimbo wenyewe. Tiki mbili za bluu. Akaandika, akaacha, akaandika tena.

"Hee kumbe. Ila anko piza inakaa na biti."